Kabla hujamlipa kaunsela wa mtandaoni, muulize siku mbaya itakuwaje

Swali limetoka kwa kijana wa Likoni, Mombasa, alie Dubai, nimelifupisha na nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha:

«Dokta salamu. Niko Dubai mwaka wa pili sasa, kazi ni security shifti za usiku, tunalala watu sita chumba kimoja. Tangu babangu afariki nikakosa kwenda kumzika usingizi umekata, nashtuka moyo waenda mbio, kula sitaki, saa zingine najiambia bora hata nisingekuwepo. Hospitali za huku naogopa bei na naogopa kampuni ijue. Nimeona vitu vitatu mtandaoni: apu ya Marekani inataka kama dola 70 kwa wiki, life coach mmoja wa Nairobi kule Instagram anaejiita therapist anatoza shilingi 2,000 kwa kikao cha WhatsApp, na roboti ya kuchati ya bure. Ipi salama? Nitajuaje hawa ni watu wa kweli na maneno yangu hayataishia kwa watu?»

Mdogo wangu, pole sana kwa baba, Mungu amrehemu. Kukosa kumtia mzazi mchanga ni jambo zito kwa watu wetu, usijione mdhaifu kwa sababu usingizi umekata.

Kabla sijafika kwa hizo apu kuna sentensi umeiandika katikati kama mtu anaepita njia tu, hiyo ya bora nisingekuwepo. Siiruki. Wengi wakifiwa hupitiwa na wazo kama hilo likaja likaondoka, lakini likianza kukaa, au ukajikuta unapanga utafanya vipi na lini, basi hapo hatuongei habari ya apu tena wala kikao cha Jumamosi, hapo unamuamsha mmoja katika hao watano mnaolala nao na mnapiga 998 ambayo ni ambulensi ya huko Imarati, au 999 polisi, au mnaingia emajensi ya hospitali ilio karibu. Huduma ya mtandaoni hata iwe nzuri vipi haikutengenezwa kwa dakika hiyo, na ile ya maana itakwambia hivyo yenyewe kabla hujaiuliza.

Na jibu langu lote linaanzia hapo hapo, maana mimi hizi huduma sizipimi kwa siku ya kawaida. Siku ya kawaida zote nzuri, picha ya mwanamke anatabasamu na kikombe cha chai, rangi ya bluu, maneno matamu. Nazipima kwa siku mbaya: siku umezidiwa saa nane za usiku, siku wameibiwa data, siku kaunsela mwenyewe amekukosea adabu, siku kampuni imefunga. Muulize kila mmoja siku hiyo atafanya nini, na atakaebabaika muache.

Watu hudhani eneo hili halina utaratibu wowote, kila mtu ajifanyia. Si kweli. Australia wana tume yao ya usalama na ubora wa huduma za afya, na mwaka 2020 ilitoa viwango maalum vya huduma za afya ya akili za kidijitali, kisha kuanzia 2022 huduma zikaanza kukaguliwa na kupewa ithibati kwa viwango hivyo. Viko vitatu tu: uongozi wa kitabibu na wa kiufundi, kushirikiana na watumiaji, na namna huduma yenyewe inavyotolewa. Ukivisoma utaona havina maajabu, vyataka useme wewe ni nani, huduma yako ni ya nani na si ya nani, inagharimu pesa ngapi, ushahidi wake ni upi, data inaenda wapi, na mtu akizidiwa utajuaje na utafanya nini. Ujerumani nao tangu 2020 daktari anaweza kukuandikia apu kama anavyokuandikia dawa na bima ikalipa, ila lazima apu iwe imepita kwenye taasisi yao ya dawa na vifaa tiba. Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, ya afya ya kidijitali ya 2023, na ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014. Kwa hivyo sheria zipo, tatizo letu ni kwamba mtu akifungua ukurasa Instagram leo jioni akaanza kutibu watu hakuna atakaemgongea mlango kesho asubuhi, na ukaguzi unabaki kwako wewe mwenye maumivu, jambo ambalo si haki lakini ndio hali.

Tuanze na huyo wa Instagram kwa sababu ndie wa bei rahisi na ndie anaeongea lugha yako, atakushawishi zaidi. Kuwa life coach si kosa, na wengine ni watu wazuri tu wa kukusukuma upange maisha yako. Lakini anaejitangaza anatibu sonona na wasiwasi na majonzi ya msiba, huyo ameingia kwenye kazi ilio na sheria, na sheria yetu inataka asajiliwe na bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Bodi yenyewe ilichukua miaka kusimama baada ya sheria kupita, kwa hivyo utakuta wengi, hata wazuri, wanatembea na karatasi ya chama tu kama KCPA, chama cha makaunsela na wanasaikolojia wa Kenya. Chama si bodi. Chama ni cha wenyewe kwa wenyewe, kina maadili yake na kinaweza kumfukuza mwanachama, na mimi namuamini mwanachama hai wa chama kuliko mtu asiekuwa kokote, lakini mamlaka ya kisheria ni kitu kingine. Kama ni saikayatrist, yaani daktari kamili alieongeza masomo ya magonjwa ya akili, huyo yuko chini ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na rejista yao iko wazi mtandaoni, unaandika jina linatoka au halitoki.

Kwa hivyo muombe jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, sio lile la ukurasa, na namba ya usajili, kisha uwaulize wenyewe walioitoa. Usitosheke na picha ya cheti, cheti siku hizi unapigiwa pale saiba unasubiri na chai yako haijapoa. Akikasirika kwa kuulizwa namba basi kashakujibu, maana sisi tuliosajiliwa hatukasiriki, tulitoka jasho kuipata tunaipenda kuionyesha.

Halafu tembea kwenye ukurasa wake uangalie anapost nini. Ukiona skrini shoti za wateja, «asante dokta umeokoa ndoa yangu», «nilikuwa nataka kujiua sasa nacheka», na moyo mwekundu chini, kimbia. Najua wengi huona hiyo ni dalili ya kazi nzuri, mimi naona kinyume. Hata akifuta jina, sisi watu wa Pwani tunajuana, mtu wa Likoni akisoma mistari mitatu ya habari ya baba kufa na mtoto kukwama Dubai mwaka wa pili anajua ni wa nani huyo. Na mteja alie katikati ya matibabu akiombwa ruhusa ya kupostiwa hana uhuru wa kweli wa kukataa, unamtegemea mtu huyo huyo usiku ulale, utamwambia hapana vipi? Leo amepost ya mwenzako, kesho ni yako. Angalia pia anavyoahidi, vikao vitatu utapona, njia ya siri, punguzo mpaka Ijumaa. Majonzi hayana ofa ya Ijumaa.

Mipaka nayo. Kaunsela anaekuandikia saa sita usiku mambo yasiyo ya tiba, anaekukopa, anaekuingiza kwenye biashara yake ya virutubisho, anaekuita majina ya mapenzi, hapo huna kaunsela tena. Mtandaoni hili linatokea haraka kuliko ofisini kwa sababu hakuna mlango, hakuna sekretari, mko wawili tu ndani ya simu na wewe uko mpweke mbali na kwenu. Muulize mapema nikiwa na malalamiko juu yako nayapeleka wapi. Kama jibu ni «niletee mimi mwenyewe» halitoshi.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa kazi hii wengine hawalipendi. Shahada peke yake sio inayoleta usalama. Zimbabwe kuna mradi unaitwa Friendship Bench, ulianzishwa na saikayatrist Dixon Chibanda, pale Harare wahudumu wa afya wa mitaani, wengi wao mabibi wa makamo na wazee, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki wanamsaidia kupanga na kutatua yanayomlemea, na utafiti wao uliochapishwa 2016 ukiwa na washiriki 573 ulionyesha waliopita kwa hao mabibi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao mabibi sio wanasaikolojia. Lakini walifundishwa, wana njia moja inayojulikana wanaifuata, na nyuma yao yupo mtu wa juu wanaempelekea kesi ikiwa nzito. Shirika la Afya Duniani nalo lilifanya kitu cha namna hiyo kidijitali, programu inaitwa Step-by-Step, ilijaribiwa Lebanon kwa wakimbizi wa Syria, mtu anasoma na kufanya mazoezi kwenye simu na kila wiki msaidizi alie na mafunzo anaongea nae dakika chache. Ilisaidia. Na kwa jumla tafiti za tiba ya mtandaoni zinasema kitu hicho hicho, programu ya kwenye simu ikiwa na binadamu anaekufuatilia inafanya kazi vizuri kuliko ile unayoachiwa peke yako, na kwa sonona na wasiwasi usiopita kiasi inaweza kukaribia kabisa kukaa ana kwa ana. Kwa hivyo swali la kumuuliza huyo wa Instagram sio umesoma mpaka wapi tu, muulize nani anakusimamia, ukikwama na mteja unampigia nani. Kaunsela wa kweli ana msimamizi hata akiwa na mvi kichwani. Mimi ninae.

Sasa hiyo WhatsApp. Kwa Dubai pengine unajua kuliko mimi, simu za WhatsApp huko zimefungwa, meseji zinapita lakini kupiga hapana, na kaunsela atakaekwambia «weka VPN tu», yaani programu ya kuficha anwani yako ya mtandao, amekuonyesha hajui mteja wake yuko wapi. Sheria ya Imarati ya makosa ya mtandao ya 2021 ina faini ya kuanzia dirham 500,000 mpaka milioni 2 kwa anaeficha anwani yake ya mtandao ili atende kosa au alifiche, na sisemi kuongea na kaunsela ni kosa, nasema mfanyakazi wa mkataba hana haja ya kubahatisha na kitu kama hicho. Zoom, Teams na Botim zinafanya kazi huko bila ujanja. Muulize kama anatumia mojawapo.

Na lipo lingine kubwa hapo hapo. Leseni ya Kenya si leseni ya Dubai. Kule anaetoa leseni ni mamlaka ya afya ya Dubai, DHA, na orodha ya waliosajiliwa unaweza kuitafuta kwenye mfumo wao wa Sheryan. Kaunsela alie Mombasa au Nairobi anaweza kukusikiliza na kukusaidia na msiba wako, lakini hawezi kukulaza hospitali huko, hawezi kukuandikia dawa ikakubalika huko, na ukizidiwa hana gari la kukutumia. Mwenye kujua kazi yake atakwambia haya bila kuulizwa, na kikao cha kwanza kabisa atakuuliza uko wapi sasa hivi, jengo gani, mtaa gani, na nani alie karibu anaeweza kupigiwa tukikatika katikati. Mzuri zaidi atauliza kila kikao. Usione anakuchimba, ndio mpango wake wa siku mbaya huo, na ambae hajawahi kukuuliza hana mpango.

Tukiwa kwenye dawa, tafadhali sana nisikilize. Usikubali mtu yeyote akutumie vidonge vya usingizi au vya kutuliza kupitia mwenzako anaerudi kutoka likizo. Imarati wana orodha ya dawa zinazodhibitiwa, nyingi za usingizi na za wasiwasi zimo, na hata mgonjwa halali aingiae nazo anatakiwa awe na kibali cha serikali ya huko kabla. Ukihitaji dawa zipate kwa daktari wa huko huko.

Apu ya Marekani. Hizi kwa makaratasi ziko juu, makaunsela wana leseni za majimbo yao, mfumo unaenda vizuri, video safi. Lakini leseni ya jimbo la Marekani ni ya kumhudumia mtu alie jimbo hilo, kwa hivyo uliza kwanza kama wanampokea mtu alie Dubai na kwa masharti gani. Ya pili, utakuwa unalipa dola 70 kumuelezea mtu matanga ni nini na kwa nini kutokuwepo siku ya mazishi kunauma kuliko kifo chenyewe, kwa Kiingereza, saa ambayo kwao ni mchana na wewe uko lindo. Wapo watakaokuelewa, lakini ujue hilo limo kwenye bei.

Na ukubwa wa kampuni usikupumbaze. BetterHelp, ambayo ni moja ya kubwa kabisa duniani, mwaka 2023 ilibanwa na FTC, ile tume ya biashara ya Marekani inayolinda wateja, kwa madai kwamba iliwaahidi watu siri kisha ikapeleka barua pepe zao na taarifa za yale maswali ya kiafya wanayojibu mwanzo kwa Facebook, Snapchat, Criteo na Pinterest kwa ajili ya matangazo. Ilikubali kulipa dola milioni 7.8 bila kukiri kosa, na 2024 pesa zikaanza kurudishwa kwa watu wapatao 800,000, ukigawa haifiki dola kumi kwa kichwa. Hiyo ndio bei ya siri yako ikishatoka. Mwaka huo huo wa 2024 ikaja zamu ya Cerebral, kampuni nyingine ya Marekani ya afya ya akili mtandaoni, taarifa za watu karibu milioni 3.2 zilifika kwa kampuni kama LinkedIn, Snapchat na TikTok, na FTC ikaeleza pia walituma kadi za posta bila bahasha kwa wagonjwa zaidi ya 6,000, yaani postamani na jirani wote wanasoma kwamba fulani ni mteja wa huduma ya akili. Hapo hakuna haka aliedukua kitu, ni watu wa masoko tu wanafanya kazi yao.

Wizi wenyewe wa kweli mfano wake ni Finland. Palikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo inaitwa Vastaamo, matawi nchi nzima, hifadhidata yao ililindwa ovyo ikadukuliwa, wagonjwa zaidi ya 30,000, na kilichoibiwa si majina tu, ni yale maandishi ambayo mtaalamu anaandika baada ya kikao. Septemba 2020 mwizi akaitaka kampuni imlipe bitcoin, ilipokataa akaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, lipa euro 200 ndani ya saa 24 la sivyo ni 500, la sivyo yako yote naanika. Kampuni ikafilisika mwaka uliofuata. Mtu aliepatikana na hatia alihukumiwa 2024 kifungo cha zaidi ya miaka sita, lakini maandishi yaliyokwisha kusambaa hayarudi.

Sikwambii hivi ili unyamaze na maumivu yako, hilo ndilo baya zaidi ya yote. Nakwambia ili uulize: vikao vyangu unaviandika wapi, daftari au kompyuta, nani mwingine anaona, vinakaa muda gani, naweza kuomba vifutwe. Kwa sheria ya Kenya taarifa ya afya ni data nyeti, una haki ya kujua inatumikaje na kuomba ifutwe isipohitajika tena, na ikivuja anaeitunza anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Malalamiko unapeleka kwenye ofisi hiyo hiyo, kwa mtandao, huna haja ya kurudi nyumbani. Hiyo ni faida moja ya kaunsela wa Kenya ambayo hutaipata kwa apu yenye makao Marekani. Na zile fomu ndefu za maswali ambazo apu inakupa kabla hata hujafungua akaunti, «unalala vizuri?», «umewahi kufikiria kujidhuru?», usizijaze kwa kuonja onja tu. Katika kesi ya BetterHelp hata waliojaza fomu wasijiunge walikuwemo kwenye madai.

Siri haijakaa kwa kampuni tu lakini, iko na chumbani kwako. Watu sita chumba kimoja, utaongea wapi? Usitumie simu ya kazi wala barua pepe ya kazi wala waifai ya kazi. Weka namba ya siri kwenye simu na uzime meseji kuonekana kwenye skrini ikiwa imefungwa. Vaa hedifoni, tembea nje, kaa kwenye bustani au kwenye gari la rafiki, na mkubaliane neno moja la kawaida ambalo ukilisema kaunsela anajua mtu ameingia. Vikao vya kuandika kwa meseji vinaweza kukufaa pia, si vibaya, ila maandishi hubaki. Na kaunsela akwambie mwanzo siri yake inaishia wapi, maana ina mwisho: maisha yako yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, mahakama ikiamuru. Anaeahidi siri isiyo na mwisho anadanganya au hajasoma.

Roboti ya bure. Kwa kupumua, kwa mpangilio wa usingizi wa mtu wa shifti, kwa kuandika mawazo yakutoke kichwani saa tisa usiku, sina ugomvi nayo, na usiipe jina lako. Kukutibu msiba na hilo wazo la kutokuwepo, hapana. Mwaka 2023 shirika kubwa la Marekani la kusaidia wenye matatizo ya kula liliiondoa roboti yao, ikiitwa Tessa, baada ya kugundulika inawapa watu wenye matatizo hayo ushauri wa kupunguza uzito, na hiyo ilikuwa roboti ya shirika la kuwasaidia wagonjwa wenyewe, si ya matapeli. Agosti 2025 gavana wa jimbo la Illinois huko Marekani akatia saini sheria kwamba akili bandia isitoe tiba ya kisaikolojia yenyewe, faini mpaka dola 10,000. Na Woebot, roboti nyingine ya kuchati ya afya ya akili, ambayo ilikuwa na tafiti nyingi kuliko nyingi ya hizi, ilizima apu yake Juni 2025. Huo nao ni usalama watu hawaufikirii, umeshamzoea mtu wa kuongea nae na siku moja hayupo. Ndio maana Waaustralia wameweka mpaka suala la huduma kuendelea na kusitishwa ndani ya viwango vyao.

Ubora utaujuaje ukishaanza? Kwa hali yako mimi ningetarajia kaunsela aanze na kipimo kifupi cha sonona kama PHQ-9, maswali tisa, kipo kwa Kiswahili, alama ni 0 mpaka 27, na arudie baada ya wiki chache muone imeshuka au la. Swali la tisa ni lile lile la mawazo ya kufa. Angalia kwa makini anafanya nini ukilijibu ndio: mzuri anasimama hapo, anakuuliza zaidi bila kupapatika, mnaandika pamoja mpango wa usalama, nani wa kupigia, nini cha kuweka mbali. Apu ikikujibu «asante, sasa chagua kifurushi chako» ifute siku hiyo hiyo. Baada ya vikao vinne hivi kama hakuna kilichosogea anatakiwa yeye mwenyewe aseme tubadilishe njia au akupeleke kwa mwingine, sio aendelee kuhesabu elfu mbili zake.

Sasa ukiniuliza ipi katika hizo tatu, hakuna. Ningetafuta ya nne: mwanasaikolojia au kaunsela aliesajiliwa Kenya, anaefanya kazi kwa Zoom, anaezungumza Kiswahili chako na amewahi kufanya kazi na watu wa msiba, bei yake inaweza kuwa juu kidogo ya 2,000 na wengine hupunguza ukiwaeleza kipato chako, sema usione haya. Pembeni yake ujue daktari mmoja wa huko. Sheria ya Dubai ya 2013 inamtaka mwajiri akulipie bima ya afya, kwa hivyo kadi unayo au unastahili kuwa nayo, piga namba ilio nyuma ya kadi wewe mwenyewe bila kupitia HR, uliza afya ya akili inalipiwa mpaka wapi na utalipa nini mfukoni. Huenda hizo bei unazoziogopa sio zako.

Huyo wa Instagram usimfute bado, mpe nafasi. Mtumie hii, nakili hivi hivi:

«Salamu. Kabla ya kulipia naomba kujua: jina lako kamili na namba ya usajili na ni ya taasisi gani. Nani anakusimamia. Mimi niko Dubai, umewahi kuhudumia mtu alie nje na tutatumia njia gani. Nikizidiwa usiku utafanya nini na mimi nifanye nini. Maandishi ya vikao unayaweka wapi na naweza kuomba yafutwe. Nikiwa na malalamiko nayapeleka wapi.»

Akijibu yote kwa utulivu hata kama majibu mengine ni «hilo siwezi, lakini fulani anaweza», huyo ana akili, fikiria kumjaribu kwa kikao kimoja, usilipe vikao kumi kwa mkupuo. Akikutumia sauti ya dakika mbili ya kukwambia umejaa hofu na hofu ndio inakuzuia kupona, mbloku ulale. Na hilo wazo likirudi kabla hujampata mtu, 998, na mwambie hata mmoja wa hao wenzako chumbani leo, sio lazima umweleze yote, mwambie tu usiku ni mbaya kwako tangu mzee aondoke.